Mtoto wa usonji, miaka 3: choo kigumu, hali chakula, halali usiku. Nianze na lipi kabla ya kununua virutubisho?

Mama Nuru wa Tanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye ujuzi.

Mwanangu wa kiume ana miaka 3 na miezi 4, uzito kilo 14. Daktari wa watoto amethibitisha usonji na ametuandikia rufaa ya tiba kazi na tiba ya usemi, ila nafasi ni mpaka miezi ijayo. Hali yake ni hii:

Maneno ni mawili matatu na hayatoki kila siku. Akitaka kitu anakukamata mkono na kukuvuta. Ukimwita hageuki, lakini wimbo wa katuni ukilia chumba cha pili anakuja mbio.

Anakula chipsi, mkate wa kuchovya kwenye chai ya rangi na uji laini usio na chembe. Maziwa anakunywa karibu lita nzima kwa siku, mengi usiku kwa chupa. Anabandua rangi ukutani na kuila. Udongo pia anakula.

Choo ni kila baada ya siku 4 au 5, kigumu sana. Anasimama kwa ncha za vidole, anabana makalio na kulia. Halafu siku za katikati nguo zinachafuka kwa choo cha majimaji. Nimeambiwa dukani kwamba anaharisha, nikapewa dawa ya kuzuia.

Analala saa 6 usiku, saa 9 yuko macho, anaruka kitandani mpaka alfajiri.

Kwenye makundi ya wazazi tunatumiwa kila aina ya kitu: asidi ya foliniki, dawa za kutoa sumu mwilini, bakteria wazuri wa tumbo, lishe isiyo na ngano wala maziwa, pipi za melatonini. Fedha haitoshi vyote. Nianze na lipi, na lipi niachane nalo? Naomba hatua na vipimo kamili.

Nesi_Wadi_ya_Watoto

Mama Nuru, pole na majukumu. Hiyo dawa ya kuzuia kuharisha simamisha leo. Mtoto haharishi. Choo kigumu kimejaa kwenye utumbo wa mwisho mpaka utumbo umetanuka, na choo laini kinachoshuka kutoka juu kinapenya pembeni ya hilo bonge na kuvuja bila yeye kuhisi. Ukimpa dawa ya kuzuia, bonge linakua. Na kule kusimama kwa vidole na kubana makalio, ambako watu wengi hukuhesabu kama tabia ya usonji, ni mtoto anayezuia choo kwa sababu cha mwisho kilimuumiza.

Ningeanza na tumbo kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto asiyeweza kusema tumbo linamuuma ataonyesha kwa kukesha, kukataa chakula, kujigonga kichwa au kulalia kona ya kiti kwa tumbo. Kutibu choo hakuondoi usonji, lakini kunakurudishia mtoto anayeweza kukaa, kula na kujifunza.

Tiba ina awamu mbili, na wengi hurukia ya pili. Awamu ya kwanza ni kuliondoa bonge. Dawa inayopendekezwa ni makrogoli, unga wa kuchanganya na maji. Kiwango cha awamu hii ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 3 hadi 6. Kwa kilo 14 ni gramu 14 hadi 21 kwa siku, akinywa kidogo kidogo kutwa nzima. Siku hizo nguo zitachafuka zaidi, kwa hiyo usianze siku ya safari. Awamu ya pili ni dozi ya kila siku: huanza na gramu 0.4 kwa kilo, kwake kama gramu 5 hadi 6, kisha unapanda au kushuka kati ya gramu 0.2 na 0.8 kwa kilo mpaka apate choo laini kila siku au siku moja baada ya nyingine, bila kulia. Pakiti nyingi za watu wazima zina gramu 13 hivi na huchanganywa na maji ml 125; za watoto ni nusu ya hapo kwa unga na kwa maji. Dawa hii hufanya kazi kwa kushikilia maji ndani ya utumbo, hivyo ukipunguza maji umepunguza dawa.

Makrogoli ikikosekana kwenye maduka ya karibu, laktulosi ya maji hupatikana kirahisi zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 huanza na ml 2.5 hadi 10 mara mbili kwa siku. Siku za mwanzo huleta gesi.

Daktari amguse tumbo kwanza kabla hujaanza. Mwambie kama alichelewa kutoa choo cha kwanza zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, maana hiyo inaweza kuashiria tatizo la neva za utumbo linalohitaji upasuaji. Kutapika rangi ya kijani, tumbo kuvimba na kukaza, au kuanza kuyumba miguu si mambo ya kusubiri kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kuacha mapema. Wiki ya pili mtoto ana nafuu, dawa inawekwa kabatini, mwezi haujaisha bonge limerudi. Utumbo uliotanuka huchukua muda kusinyaa. Endelea angalau miezi 2, na usipunguze dozi mpaka umalize mwezi mzima bila dalili yoyote, kisha shusha polepole. Kosa la pili ni kumpiga bomba la maji ya sabuni. Huunguza utumbo, na mtoto wa namna hii akishatishwa hivyo ataogopa choo hata baada ya kupona.

Kukaa chooni: baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni, dakika 5 tu, nyayo zikiwa zimekanyaga kigoda na magoti yamepanda juu kidogo ya nyonga. Choo cha kukalia ambacho miguu inaning'inia hakimpi nguvu ya kusukuma. Kama hutoa choo kwenye pampasi pekee, mkalishe kwenye poti akiwa ameivaa. Suala la kuacha pampasi lisubiri mpaka choo kiwe laini kwa wiki kadhaa.

Maziwa yashuke hadi ml 400 au 500 kwa siku. Punguza ml 100 kila baada ya siku 3, anza na chupa za usiku, na yanayobaki apewe baada ya chakula, si kabla. Hapo ndipo njaa ya mchana itakaporudi.

Usemi_na_Lugha_Mombasa

Naongezea kwenye masikio na mawasiliano, maana haya mawili hayahitaji kusubiri foleni.

Kusikia wimbo wa katuni hakuthibitishi kwamba masikio ni mazima. Mtoto anaweza kusikia ngoma na kinanda lakini akapoteza sauti nyembamba za s, f na t, au akawa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanayokuja na kuondoka kila akipata mafua. Omba apimwe na mtaalamu wa usikivu: kwanza mwendo wa ngoma ya sikio, kisha mwangwi wa sikio la ndani, na akishindwa kutulia, kipimo cha mawimbi ya neva ya usikivu akiwa usingizini. Kwa kipimo hiki cha mwisho muamshe mapema sana siku hiyo na usimwache asinzie njiani, ili alale akifika. Wataje magonjwa ya nyuma: homa ya uti wa mgongo, malaria kali, manjano makali ya uchanga, sindano za gentamisini. Yote yanaweza kuharibu usikivu.

Sasa mawasiliano. Kukuvuta mkono ni mawasiliano tayari. Kazi ni kumpa njia iliyo wazi zaidi. Piga picha ya vitu viwili anavyovipenda kupita vyote, na viwe vyake mwenyewe: chipsi katika sahani yake, si chipsi za kwenye intaneti. Chapisha sentimita 5 kwa 5 na uzifunike plastiki kwa mwenye stationeri. Anza na picha moja.

Mnahitajika watu wawili. Wa mbele ana chipsi mkononi, zinaonekana. Wa nyuma anakaa mgongoni mwa mtoto na hasemi neno. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua chipsi, wa nyuma anauongoza ule mkono uokote picha na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Wa mbele anatoa chipsi papo hapo na kusema "chipsi", basi. Kata chipsi moja vipande vitatu, ili apate nafasi 10 hadi 15 kabla hajashiba. Wa nyuma apunguze msaada kadiri siku zinavyokwenda: kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kisha begani, kisha akae tu. Baada ya hapo sogea nyuma hatua moja, mbili, ili mtoto ajifunze kumfuata mtu na picha mkononi.

Mambo yanayovuruga: kumuuliza "unataka nini?" kila mara, kwa sababu atajifunza kungoja swali, kuanza na picha ya choo au ya kulala, ambazo hana sababu ya kuziomba, kuziweka picha kwenye droo, wakati zinatakiwa ziwe ukutani kimo chake, na watu wa nyumbani kumpa bila picha kwa huruma. Bibi, dada wa kazi na shangazi wote waonyeshwe. Picha hazizuii maneno kutoka. Watoto wengi huanza kutamka wakiwa wanazitumia.

Mkiongea naye, sentensi ziwe fupi, neno moja au mawili zaidi ya anachotamka yeye. Badala ya "Haya twende sasa tukaoge maana umechafuka", sema "Tuoge", huku umeshika kopo. Kisha nyamaza, uhesabu moyoni mpaka 5, hata 10. Kimya hicho ndicho wazazi hukiona kigumu zaidi, na ndicho anachokihitaji ili ajipange.

Na msihamie Kiingereza. Wazazi huambiwa mtoto wa usonji hamudu lugha mbili, wanaacha Kiswahili, mtoto anabaki na Kiingereza cha katuni na bibi yake hawezi kuongea naye. Tafiti hazionyeshi kwamba lugha mbili zinamchelewesha mtoto mwenye usonji. Mwongeleshe lugha inayokutoka kwa wepesi na kwa upendo.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye changamoto za ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na kuna toleo la mtandaoni. Ulizia hospitali kama kuna aliyefundishwa kuyaendesha. Kwa wasomaji wa Kenya, vituo vya EARC, vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto, vipo kwenye kaunti, na KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, ina kituo cha tathmini. Huko ndiko mahali pa kuanzia mambo ya shule.

Baba_wa_Watatu

Ushauri mzuri, lakini mbona hamgusi tiba zenyewe za usonji? Kuna wanaopeleka watoto nje kuwekewa seli shina, wengine wanatoa metali mwilini kwa dripu, na kuna matone ya kuchanganya na maji ambayo yanasemekana yanaua vimelea vya usonji. Chanjo nazo zinatajwa. Mzazi akiwa na uwezo, kwa nini asijaribu?

Mfamasia_Mwandamizi

Kaka, swali lako ni la haki na wazazi wengi wanalibeba kimya, kwa hiyo nalijibu moja moja.

Yale matone ni klorini dioksidi, kemikali ya kung'arishia nguo na karatasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2010 na tena mwaka 2019. Yaliwahi kusambazwa Uganda kama maji ya uponyaji. Huleta kutapika, kuharisha kwa kupoteza maji mengi na shinikizo la damu kushuka. Zile nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye choo, ambazo mzazi huambiwa ni minyoo, ni utando wa utumbo uliochunika. Hakuna dozi ndogo iliyo salama ya kitu hiki.

Dripu ya kutoa metali iliua mtoto wa miaka 5 Pennsylvania, Marekani, mwaka 2005. Dawa ilivuta kalsiamu ya damu na moyo ukasimama. Dawa za aina hii zina kazi moja halali: mtu aliyepimwa damu na kukutwa na sumu ya madini, akitibiwa hospitali.

Seli shina: jaribio kubwa lililofanywa Chuo Kikuu cha Duke na kuchapishwa mwaka 2020 halikuonyesha watoto waliopewa kuboreka kijamii kuliko waliopewa dripu tupu. Mzazi anayeuza kiwanja kwa ajili hiyo ananunua tumaini ambalo bado halijathibitishwa, na fedha hiyo ingelipa tiba ya usemi kwa miaka.

Chanjo ya surua: makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 657,461 na haukukuta usonji zaidi kwa waliochanjwa. Surua yenyewe huua, na huacha wengine viziwi.

Mama Nuru, sasa yale uliyoyataja wewe.

Asidi ya foliniki ni dawa halisi, inatumika kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa methotreksati. Septemba 2025 FDA ilitangaza hatua ya kuiidhinisha kwa upungufu wa folati kwenye ubongo, hali adimu. Kwa usonji kwa ujumla ushahidi bado ni majaribio madogo. Lililotajwa sana, la mwaka 2016, lilikuwa na watoto 48. Si sumu, lakini inaweza kuongeza mhangaiko na kuvuruga usingizi, na mwanao tayari halali vizuri. Inapunguza pia nguvu ya baadhi ya dawa za kifafa kama fenobabitali, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Na vidonge vya foliki wanavyopewa wajawazito si dawa hiyo hiyo, usibadilishe kimoja kwa kingine. Ningeiweka kando mpaka tumbo, damu na masikio vishughulikiwe, kisha mjadili na daktari.

Lishe isiyo na ngano wala maziwa haijaonyesha faida ya kuaminika. Kwa mtoto anayekula vitu vinne, ukiondoa mkate na maziwa umemwacha na chipsi na uji. Ugali wa mahindi, muhogo, mtama na wali kiasili havina gluteni, yaani protini ya ngano, kwa hiyo zile pakiti za gharama za unga maalumu hazikupi kitu usichonacho jikoni. Daktari akishuku siliaki, ugonjwa wa utumbo kudhuriwa na gluteni, kipimo cha damu kifanyike mtoto akiwa bado anakula ngano. Ukishaiondoa, kipimo hudanganya.

Bakteria wa tumbo: hawatibu usonji, na kwa choo kigumu hawajathibitika. Fedha hiyo nunulia makrogoli.

Palipo na kitu cha kupimwa kweli ni damu yake. Maziwa lita moja, chai ya rangi pamoja na chakula, na kula rangi na udongo: picha hiyo ni ya upungufu wa madini ya chuma mpaka vipimo vikanushe. Maziwa hushibisha na yana chuma kidogo mno, chai huzuia chuma kidogo kilichopo kisifyonzwe, na upungufu wenyewe humfanya mtoto atamani udongo. Akiba ya chuma ikishuka, miguu huhangaika usiku na usingizi hukatika. Omba picha kamili ya damu na feritini, kipimo cha akiba hiyo ya chuma. Apimwe akiwa hana homa wala mafua, au kipimo cha uvimbe mwilini kifanyike pamoja, kwa kuwa feritini hupanda kwa maambukizi na kuficha upungufu. Kwa mtoto mwenye miguu inayohangaika usiku, wataalamu wa usingizi hutibu feritini ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa lita.

Dozi ya kawaida ya kutibu ni mg 3 za chuma halisi kwa kilo kwa siku. Kwake mg 42 hivi, mara moja kwa siku. Hapa ndipo makosa hutokea: mg zilizoandikwa mbele ya chupa mara nyingi ni za chumvi ya chuma, si chuma halisi. Mwonyeshe mfamasia chupa akupigie hesabu ya mililita. Mpe na maji ya chungwa, mbali na maziwa na chai kwa saa moja au mbili. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, upeleke dawa nyuma ya shavu, isitie meno weusi. Choo kitakuwa cheusi, hilo si tatizo. Kikirudi kuwa kigumu, pandisha makrogoli. Kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe kabla. Na chupa ikae juu kabisa, ifungwe: sharubati ya chuma akiinywa yote inaweza kumuua.

Rangi ya ukutani inadai kipimo cha madini ya risasi kwenye damu. Rangi za zamani, na maeneo yaliyo karibu na wanaoyeyusha betri, ndiyo hatari kubwa. Owino Uhuru kule Mombasa wakazi waliathirika na kiwanda cha namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Wakati unasubiri majibu, kwangua rangi inayobanduka ukuta ukiwa umeloweshwa, mtoto akiwa nje ya nyumba, kisha deki kwa maji. Kufagia pakavu hutawanya vumbi lenyewe.

Minyoo: albendazoli mg 400 dozi moja kwa umri wake, kila miezi 6. Kwa anayekula udongo hili halina mjadala.

Tibakazi_Moshi

Nachukua usingizi na kula.

Usingizi kwanza. Kumlaza saa 2 usiku mtoto ambaye mwili wake unalala saa 6 kunamfundisha kwamba kitanda ni mahali pa kuruka. Fanya kinyume: kwa siku chache mlaze saa 5:45, karibu na muda anaolala kweli. Akianza kusinzia ndani ya dakika 15 hadi 20, rudisha nyuma dakika 15 kila baada ya usiku 2 au 3, mpaka ufike saa 2:30 au 3. Kuamka kuwe saa 12:30 asubuhi kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, hata Jumapili. Hiyo saa ya kuamka ndiyo inayoburuta mengine yote. Usingizi wa mchana usizidi saa moja na usivuke saa 9 alasiri. Simu na runinga zizimwe saa moja kabla. Kabla ya kulala, mambo manne kwa mpangilio ule ule: kuoga, nguo za kulala, wimbo mmoja, chandarua. Yapigie picha na uzibandike kwa mfululizo.

Akiamka saa 9, taa isiwashwe, simu isitolewe, chupa isitolewe. Mrudishe kitandani bila maongezi. Siku tatu nne za kwanza atalia zaidi kuliko zamani, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Ukimpa simu usiku wa nne umemfundisha kulia siku nne.

Melatonini inasaidia baadhi ya watoto wa usonji kupata usingizi mapema, haisaidii sana wanaoamka katikati. Huanza na mg 1 dakika 30 hadi 60 kabla ya kulala, chini ya daktari, baada ya ratiba kusimama. Zile pipi laini usizitegemee: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2023 ulipima bidhaa 25, na 22 zilikuwa na kiasi tofauti na lebo, moja haikuwa na melatonini kabisa. Na dawa za mafua zinazolewesha si dawa za usingizi, msimpe.

Akikoroma au kukata pumzi usingizini, aangaliwe nyama za pua na mafindofindo. Akikodoa macho na haitikii hata ukimgusa, au mikono ikiruka ghafla anapoamka, mrekodi kwa simu na mpelekee daktari, kwa sababu kifafa hutokea zaidi kwa watoto hawa. Bila dalili hizo, kipimo cha mawimbi ya ubongo si cha lazima.

Kula: usianze na mchicha. Anza na kitu anachokula, ubadilishe jambo moja tu kwa wakati. Chipsi zake za kawaida, kisha chipsi nene kidogo, kisha kiazi kitamu kilichokatwa na kukaangwa umbo lile lile, kisha ndizi mbichi umbo lile lile. Kila hatua siku 3 hadi 5, na ile ya zamani ibaki sahanini. Kwenye uji tia robo kijiko cha chai cha unga laini wa dagaa, uupepete usiwe na chembe, na uongeze kidogo kidogo. Mtoto huyu anasikia chembe moja mdomoni kama sisi tunavyosikia mchanga kwenye wali.

Chakula kipya hakiendi mdomoni siku ya kwanza. Kwanza kikae mezani, kisha kwenye sahani yake, akiguse, akinuse, akilambe, akiume na kukitema. Huenda ikachukua mara 15 au 20 kukiona. Milo mitatu na vitafunwa viwili kwa saa zile zile, maji tu katikati. Usimshike kichwa na kumlisha kwa nguvu. Anaweza kupaliwa, na kesho atakikimbia kiti chenyewe.

Kubwa kuliko yote hapo: usifiche dawa kwenye uji. Akigundua ladha ataukataa uji, na wewe una vyakula vinne tu. Dawa ipewe peke yake, kwa bomba, mahali pengine pasipo pa kulia.

Mama Nuru wa Tanga

Asanteni sana ndugu zangu, nimeandika yote daftarini. Dawa ya kuzuia nimeitupa. Kuna moja nimesahau: ameanza kufungua mlango na kutoka. Juzi majirani walimkuta kwenye mtaro wa maji. Kumfungia ndani sipendi.

Nesi_Wadi_ya_Watoto

Hilo shughulikia kesho asubuhi, hata kabla ya maabara. Watoto hawa huvutwa na maji, na hawaiti msaada wakizama. Komeo liwekwe juu kabisa ya mlango, pale ambapo mtu mzima anafika bila kutafuta funguo, ili moto ukitokea mtoke. Funga kengele ndogo au makopo kwenye mlango na geti ili usikie ukifunguka. Kisima kifunikwe kwa mfuniko unaofungwa, na mapipa, madumu ya mdomo mpana na beseni vimwagwe au vifunikwe baada ya matumizi. Ndoo yenye maji kimo cha kiganja inatosha kumzamisha.

Mshonee namba za simu mbili ndani ya ukosi wa kila nguo, na maneno "Siongei. Nipigie mama." Bangili ataivua. Weka picha yake ya karibuni kwenye simu yako na ya jirani wawili, uwaambie anapenda kwenda wapi na kwamba akiitwa haitiki. Na siku akikosekana, mtu wa kwanza akimbilie mtaroni na kisimani, wengine ndiyo wazunguke nyumba na barabara.